Kabla hujatoa hela, angalia kizibo: mipira ya mazoezi kwa mama vijacho hapa Dar

Mpira wangu wa kwanza niliununua nikiwa na mimba ya wiki 31. Mkunga wa kliniki ndiye aliyenishauri, maana kiuno kilikuwa kinaniuma kila nikishuka kwenye daladala, na kutoka Posta hadi Tabata jioni ni safari ambayo mgongo wa mjamzito unaihesabu dakika kwa dakika. Aliniambia, "Mama, tafuta ule mpira mkubwa wa mazoezi. Ukifika nyumbani ukalie huo, usijitupe kwenye sofa." Nikaingia Instagram, nikakuta ukurasa unaouza vitu vya wajawazito, nikalipa Sh75,000 kwa simu na Sh5,000 ya bodaboda. Ukaja ndani ya boksi lililoandikwa sentimita 65, pampu ndogo ya mkono ikiwa humo humo.

Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili asubuhi niliukalia nikaona magoti yamepanda kuliko kiuno. Nikapuliza tena. Siku ya tatu hali ile ile. Usiku wa nne, taarifa ya habari ya saa mbili inaanza, kizibo kikachomoka chenyewe. Hewa ikatoka kwa kishindo, nikateremka nao mpaka kwenye marumaru. Mama mkwe aliyekuwa amekaa pembeni yangu alinidaka mkono, la sivyo ningeangukia ubavu. Tumbo likakaza. Tulikwenda hospitali usiku ule ule kusikilizwa mapigo ya moyo ya mtoto, na namshukuru Mungu yalikuwa mazuri, lakini nilikaa macho mpaka alfajiri.

Muuzaji nilipomwandikia alijibu: "Pole dada, ni bahati mbaya tu, wenzio hawajalalamika. Kizibo tunacho, ni Sh5,000." Nilipomwomba anirudishie pesa akaniblokia.

Nilipoisimulia habari hii hapa mara ya kwanza, mliniandikia wengi kuliko nilivyotegemea, na karibu nyote mlikuwa mnasema jambo moja. Dada mmoja wa Mbagala alikuwa anakizungushia kizibo solotepu kila asubuhi. Mwingine wa Mbezi alikibandika kwa supa gluu, hewa ikatulia kweli, lakini siku ya kwenda kujifungua mpira haukutolewa upepo na haukuingia kwenye gari, ukabaki nyumbani. Hakuna aliyelalamikia rangi, wala aliyeniambia mpira umempasukia. Malalamiko yote ni kizibo. Ndiyo maana mwongozo huu sitaupotezea muda kwa kilo ngapi mpira unabeba au kama unang'aa vizuri kwenye picha. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi, na boksi linakubali kuandikwa chochote.

Kizibo kina umuhimu gani hasa

Faida ya kukalia mpira badala ya kiti iko kwenye jambo moja: kiuno kiwe juu ya magoti, hata kidogo. Hapo nyonga inainama mbele, mgongo unanyooka wenyewe, tumbo linapata nafasi ya kuning'inia mbele na uzito hauegemei mifupa ya chini ya mgongo. Mpira ukipungua upepo, kiuno kinazama, magoti yanapanda, nyonga inalala nyuma, nawe unakaa vile vile ulivyokuwa unakaa kwenye sofa. Umelipa hela yako ukarudi pale pale.

Na mpira unaovuja polepole haukupi taarifa. Unapungua sentimita moja leo, moja kesho, unauzoea, kisha unaanza kujiuliza mbona mgongo umerudi kuuma. Mwambie mtu wa nyumbani akutazame kwa ubavuni ukiwa umekaa, nyayo zote mbili zikiwa chini. Paja lako linatakiwa kuteremka kuelekea goti. Likiwa limelala sawasawa bado inavumilika. Likipanda, kapulize.

Kizibo kizuri kina mwonekano wake. Ni kirefu, karibu pingili mbili za kidole, kina michirizi ya kuzunguka, kinaanza chembamba na kunenepa kadiri kinavyoingia. Unakisukuma kwa dole gumba na unaona kabisa kinagoma. Kikishaingia, kichwa chake kinalala bapa, sawa na ngozi ya mpira. Kizibo kibaya ni kifupi, kigumu na laini kama kifuniko cha peni, kinaingia bila ubishi na kichwa chake kinabaki nje. Kichwa kilichobaki nje ndicho kinachonasa kwenye kanga, unainuka, kanga inakivuta, hewa inaanza kutoka. Angalia pia tundu lenyewe. Kwenye mpira mzuri tundu lina shingo nene ya raba inayoingia ndani. Kwenye mpira wa hovyo ni kama limetobolewa kwa msumari wa moto, na hata ukipata kizibo kipya cha dhahabu hakitashika.

Sasa kipimo. Puliza mpira, changanya maji na sabuni kidogo kwenye kikombe, paka kuzunguka kizibo. Yakitoka mapovu, unavuja. Fundi baiskeli anavyotafuta pancha, ndivyo. Ila uwe mwadilifu kwenye kipimo chako. Mpira uliopulizwa mchana wa Januari sebuleni, ukiuingiza chumba chenye kiyoyozi usiku, utalegea kwa sababu hewa ya ndani imepoa tu, si kwamba kizibo kina kosa. Na mpira mpya kabisa hutanuka: ujaze kama asilimia 80, uache siku nzima, kesho yake umalizie. Usipofanya hivyo utamlaumu muuzaji kwa jambo ambalo si lake, na wauzaji wana makosa ya kutosha bila kuongezewa.

Halafu ukubwa. Kwa kawaida mwanamke mwenye urefu chini ya sentimita 160 anachukua mpira wa 55, wa kati ya hapo na 173 hivi anachukua wa 65, na warefu zaidi ya hapo wa 75. Ukiwa mpakani na tumbo limeshakuwa kubwa, chukua mkubwa kisha usiujaze sana. Ila usiamini boksi. Boksi langu lilisema 65, mpira ulipojaa hadi ngozi ikawa ngumu kama ngoma ulikuwa 58. Unapima hivi: zungusha kamba kwenye kitambi cha mpira, kisha ilaze kamba chini uipime. Mpira wa 55 unatoa mzunguko wa sentimita 173 hivi, wa 65 unatoa 204, wa 75 unatoa 236. Futi ya fundi cherehani mara nyingi inaishia 150, kwa hiyo usiizungushe yenyewe, tumia kamba kwanza.

Ya kwanza: TheraBand

Mipira naipanga kuanzia ninaoupenda zaidi. Napendelea TheraBand, hilo ni jina la kampuni inayoitengeneza, na sitaki kujifanya sina upande. Baada ya ule mkasa, wifi yangu alikuwa na safari ya Dubai, nikamwagiza, akarudi nao kwenye begi la mkononi. Gharama yake ilikaribia Sh130,000. Niliukalia wiki saba za mwisho na katika muda wote huo niliuongezea upepo mara mbili tu. Wangu ulikuja na vizibo viwili, na vyote viwili ni vile vya kugoma.

Kingine ninachokipenda ni kwamba rangi zao zina maana. Mwekundu ni 55, kijani ni 65, bluu ni 75. Duka likikuletea TheraBand ya zambarau na kusema ni 65, funga simu. Hii ndiyo mara pekee kwenye mwongozo huu ambapo rangi ina kazi. Pia ile ya daraja la juu imetengenezwa ili ikichomwa na kitu chenye ncha ishuke taratibu, isilipuke. Kwa nyumba yenye watoto wanaoacha vipande vya midoli sakafuni, hilo ni jambo la maana.

Kuupata hapa mjini ndiyo kazi. Jaribu wauzaji wa vifaa vya fiziotherapia, si maduka ya michezo. Ukikosa, muulize mtu anayesafiri. Ukitolewa upepo unakunjika kama shuka, hauli nafasi.

Ya pili: mpira uliokwisha kutumika, kutoka kwa mama mwenzako

Najua wengi mtashangaa kuuweka juu ya mipira mipya. Lakini fikiria: mpira mzuri unatumika miezi mitatu au minne, kisha unakaa kwenye kona ya chumba ukikusanya vumbi. Mama aliyejifungua mwezi uliopita anautaka utoke. Tena yeye anajua kizibo chake kina tabia gani, na ukimuuliza atakwambia, kwa sababu naye alikuwa mjamzito. Nilishuhudia kwenye kundi la kliniki yetu mpira wa Gymnic (nitaueleza hapa chini) ukienda kwa Sh50,000, ukiwa kamili na pampu.

Uugeuze kwenye mwanga mzuri utafute mikwaruzo. Mkwaruzo ambao ukucha unauhisi ni sababu ya kukataa. Muulize kama ulikaa barazani juani, maana jua huikausha raba. Uoshe kwa maji na sabuni ya kawaida kabla ya kuukalia.

Ya tatu: Gymnic

Hawa ndio wenye asili. Mwitaliano Aquilino Cosani alianza kutengeneza mipira ya namna hii mwaka 1963. Baadaye wataalamu wa viungo wa Uswisi waliitumia kwa wagonjwa wao, na Wamarekani walioikuta huko ndio walioipa jina la mpira wa Kiswisi, ingawa ni wa Kiitaliano. Kampuni yake bado ipo na Gymnic ni jina la mipira yake. Kizibo ni kizuri, raba ina mshiko, haitelezi kwenye jasho. Nimeuweka chini ya TheraBand kwa sababu moja, kupata kizibo cha akiba hapa Dar kulinishinda kabisa.

Hapa hapa niseme neno kuhusu ule mpira wenye umbo la karanga. Ni wa kuweka katikati ya miguu ukiwa umelala ubavu kitandani, hasa kwa mama aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni asiyeweza kukaa wala kutembea. Kama hutarajii sindano hiyo, usiununue wa kwanza.

Ya nne: wa boksi, maduka ya michezo

Sh40,000 hadi 60,000 niliyoiona mimi. Unafaa ukikubaliwa kufungua boksi na kukijaribu kizibo pale pale dukani. Ukikataliwa, toka.

Isiyo na jina, ya kando ya barabara Kariakoo, sitaipa nafasi. Nimeshika minne kwenye Mtaa wa Kongo, na vizibo vyote vinne nilivichomoa kwa kucha.

Siku yenyewe

Kwanza tuelewane kwenye jina. Ukienda duka la dawa ukaomba mpira wa kujifungulia utapewa makintoshi, lile shuka la plastiki lililo kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo hospitali. Lazima uwe nalo pia. Lakini huu mwingine uite mpira wa mazoezi, usije ukamtuma mume wako akarudi na makintoshi ya pili.

Mpira hauanzishi uchungu. Kuna wauzaji wanaandika hivyo, na mama wa wiki 36 anarukaruka hadi anaishiwa nguvu. Kazi yake ni kukusaidia ukae wima na uendelee kujisogeza. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 25 za wanawake zaidi ya 5,000, yalikuta kwamba waliokaa wima au kutembea katika hatua ya kwanza ya uchungu walimaliza hatua hiyo mapema kwa wastani wa saa moja na dakika 22 kuliko waliolala. Hayo ni kuhusu kuwa wima kwa ujumla, si mpira peke yake, lakini kwangu mimi mpira ndio ulioniwezesha kuwa wima nilipokuwa nimechoka kutembea. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya 2018, linataka mama asiye na hatari za ziada ahimizwe kujisogeza na kuwa wima, na awe na mtu wake wa kumsindikiza.

Uchungu wangu ulianza saa tisa usiku. Nilikaa kwenye mpira nikizungusha kiuno taratibu kama anayekoroga uji, duara kulia, duara kushoto. Ulipokolea nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaukumbatia mpira kwa mikono na kifua, mume wangu akanikandamiza kiganja chini ya mgongo. Mkao huo ndio ulionisaidia kuliko yote. Tulitoka nyumbani saa moja asubuhi kwa bajaji, mpira ukiwa umejaa kama ulivyo, kwa sababu kuupuliza kwa pampu ya mkono ni robo saa nzima na hakuna mwenye robo saa hiyo mlangoni mwa leba.

Jambo hili lifanye ukiwa bado kliniki, wiki ya 34 au 35: muulize nesi kiongozi wa leba kama mpira unaruhusiwa, kama kuna nafasi ya kuuweka karibu na kitanda, na kama msindikizaji anaingia. Wodi zenye kina mama wengi hazina nafasi, na kukataliwa mlangoni njia ikiwa imeshafunguka sentimita 5 kunavunja moyo. Ukikataliwa, bado umeutumia nyumbani saa zile za mwanzo, na hizo ndizo ndefu.

Usiukalie ukiwa peke yako nyumbani. Miguu peku, imepanuliwa kuliko mabega, chini uwe na mkeka wa raba, kwa sababu marumaru za nyumba zetu zikipata jasho ni hatari. Kama daktari amekwambia kondo la nyuma limekaa chini au amekuagiza upumzike, muulize kwanza kabla ya kununua mpira wowote. Na ukiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana au mtoto akipunguza kucheza, achana na mpira uende hospitali saa hiyo hiyo.

Nina neno moja kwa wauzaji

Mtu anaweka picha ya mpira, anaandika maneno kumi ya kusifia, halafu bei "njoo DM". Nimefanya jaribio. Niliuliza bei ya mpira mmoja kwa akaunti yangu, nikaambiwa Sh70,000. Mdogo wangu wa kiume akauliza mpira ule ule, akisema ni wa mazoezi ya tumbo, akaambiwa Sh45,000. Picha ni ile ile, boksi ni lile lile. Tofauti ya Sh25,000 ni tumbo langu. Wanajua mama wa wiki 38 hana muda wa kuzunguka Kariakoo, miguu imevimba, anataka kitu kije mlangoni. Wanajua pia kwamba akipata hitilafu atakuwa na kichanga mikononi na hatakuwa na nguvu za kugombana na mtu.

Na risiti hawatoi. Nilipoomba ya mpira ule wa kwanza niliambiwa ujumbe wa muamala unatosha. Hautoshi. Ujumbe unaonyesha umemtumia mtu fedha, hauonyeshi umenunua nini. Dai risiti ya mashine yenye jina la bidhaa kabla hujalipa, na kama ni bodaboda analeta, mwambie asubiri ukikagua kizibo. Nami nimemsubirisha mmoja dakika ishirini, nikamuongezea Sh2,000 ya subira yake, na mpira nikaurudisha naye.

Uombe pia video ya mpira ukiwa umejazwa, kizibo kikionyeshwa kwa karibu, na kamba ikizungushwa. Watatu kati ya watano niliowaomba hawakujibu tena. Wawili walituma, na mmoja wao, muuzaji wa Sinza, alinitumia na mapovu ya sabuni bila kuambiwa. Huyo nimempelekea wateja wanne.

TheraBand yangu sasa iko Kigamboni kwa wifi yangu yule yule aliyeibeba kutoka Dubai. Ana wiki 36. Jana usiku alinipigia kuuliza kizibo cha akiba kiko wapi. Kipo kwenye mfuko wa zipu wa pochi ya kadi ya kliniki, nilikiweka humo tangu siku ya kwanza na sijawahi kukigusa.